Namna ya kulisoma Bonde la Ufa ukiwa Nakuru, kabla hujanunua ploti ama kuchimba kisima

Wengi wetu Nakuru tunaishi ndani ya bonde na hatujawahi kulitazama. Tunajua kuna Menengai, kuna ziwa, Molo ni baridi na Marigat ni joto, basi, imeisha hapo. Halafu mtu ananunua ploti, anajenga, mvua ya Aprili inakuja ukuta unapasuka kutoka kona hadi kona, ama anachimba kisima kwa pesa ya mkopo na maji yanatoka yakiwa ya kuharibu watoto meno, na hakuna aliyemwambia kwamba dalili zote zilikuwa zinaonekana kabla hajatoa hata shilingi. Hiyo inaniuma sana na ndio sababu naandika hii. Si lazima uwe umesoma jiografia mpaka chuo. Tafuta siku ya kupanda juu, siku nyingine ya kusafiri na matatu ukikaa dirishani, simu yenye Google Maps, daftari na kalamu, na swali moja la kuuliza kila mahali unaposimama: maji ya hapa yanaenda wapi?

Panda Menengai kwanza

Ukiwa mjini majumba yanakuziba, kwa hivyo anza juu. Menengai iko hapo nyuma ya mji upande wa kaskazini, kilele chake ni mita 2,278 kutoka usawa wa bahari na mji wenyewe uko kama mita 1,850, unaweza kupanda na boda ama gari, na mwenye nguvu anapanda na miguu. Usiende peke yako, enda na watu, na beba maji kwa sababu huko kuna jua. Enda asubuhi. Kama unaweza kuchagua, chagua siku inayofuata mvua, juu Januari na Februari vumbi linajaa hewani na utaona ukungu tu, lakini mvua ikishaosha hewa unaona kuta zote mbili mpaka misitu yake.

Ukifika kwa ukingo angalia ndani kwanza. Shimo hilo lina karibu kilomita 12 kwa 8. Volkano ilimwaga majivu na miamba iliyoyeyuka mpaka chini kukabaki wazi, kilele kikakosa cha kukishikilia kikaporomoka ndani. Utaona lava nyeusi iliyotiririka ikaganda na vichaka vimeota juu yake, na mahali mahali mvuke mweupe unapanda. Mvuke mwingine ni wa visima vya Geothermal Development Company, kampuni ya serikali ya kuchimba mvuke, ambao walianza kuchimba hapo 2011, na siku hizi kuna stima inayotoka humo. Andika kwa daftari neno moja, volkano, na uliwekee alama, litatuhusu tukifika kwa maji ya kunywa.

Sasa geuka, kreta iwe mgongoni na uso uangalie kusini. Chini yako ni mji, halafu Ziwa Nakuru. Mkono wa kulia ule ukuta mrefu wa kijani ni Mau. Mkono wa kushoto ni Bahati, na mbali nyuma yake ni milima ya Nyandarua ambayo kilele chake, Ol Donyo Lesatima, kinapita mita 4,000. Ng'ambo ya ziwa, kusini mashariki, kuna mlima mnene wenye msitu, huo ni Eburru. Chora hivyo vitu vinne kwa karatasi, Mau magharibi, Bahati mashariki, Eburru kusini, na Menengai kaskazini hapo unapokanyaga. Umeona? Tumezungushiwa pande zote nne, tuko ndani ya beseni, na hakuna mahali maji yanaweza kutokea. Mto Njoro, Makalia, Nderit, chemchemi za Baharini, maji ya mitaro ya mji, yote yanaishia Ziwa Nakuru na kutoka hapo njia kubwa ya kutoka ni jua. Maji yanapaa, chumvi na magadi vinabaki, mwaka baada ya mwaka, ndio maana ziwa letu halinyweki.

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote nitakayosema. Mafuta ya gereji, sabuni, takataka za sokoni, mbolea na dawa za shamba kule Njoro, hakuna kinachoenda baharini. Kila kitu tunachomwaga kinabaki na sisi. Mtu akielewa hivyo hata namna anavyoangalia mtaro wa mtaani inabadilika.

Kuta

Bonde hili halikuchongwa na mto. Ardhi yenyewe inavutwa, upande wa mashariki wa Afrika unaachana na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka, na kwa miaka mamilioni hiyo inatosha kufanya katikati izame na kando zibaki juu. Mjiolojia Mwingereza anaitwa John Walter Gregory alipita huku 1893 na akaeleza ni kitu gani anaona, na mpaka leo wataalamu wanaita upande wetu Ufa wa Gregory. Lakini katikati haikuzama kipande kimoja. Ilivunjika ngazi ngazi, na hizo ngazi unaweza kuzihesabu ukiwa ndani ya gari.

Panda gari ya Nyahururu inayopitia Bahati na Subukia. Utapanda mpaka useme ukuta umeisha, halafu barabara inaporomoka tena inaingia bonde la Subukia, hewa inabadilika unafungua dirisha, halafu inaanza kupanda tena, kali kuliko mwanzo, mpaka Nyahururu ambako ni zaidi ya mita 2,300. Kila mteremko mkali hapo ni mahali ardhi ilikatika. Na usifikirie ni mambo ya zamani yaliyolala: tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia na ardhi ikachanika chini ya ukuta wa Laikipia, upande mmoja ukashuka. Kwa hivyo fundi akikwambia ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta, ni kuharibu pesa, mwambie Nakuru iko karibu na Subukia, aiweke.

Upande wa Mau mambo ni ya polepole. Kutoka mjini kwenda Njoro mpaka Mau Narok unapanda bila kujua, ngano inaanza, baridi inaingia, na ukifika juu karibu mita 3,000 unatafuta sweta. Kama unataka kuona ukuta uliokatwa wima, nenda upande wa Kijabe, ile barabara ya kutoka Rironi kushuka Mai Mahiu, ambako wafungwa wa vita wa Kiitaliano walijenga kile kikanisa 1942. Simama pale wanauza ngozi za kondoo. Chini utaona Longonot, mita 2,776, imesimama katikati ya bonde peke yake, na Suswa upande wa kusini. Hapo ukuta na sakafu vinaonekana kwa macho ya mara moja, hata mtoto wa darasa la nne ataelewa, na mimi ningekuwa mwalimu somo la Bonde la Ufa ningelifundishia hapo kando ya barabara badala ya darasani.

Sakafu haijalala sawa

Watu hufikiria chini ya bonde ni tambarare moja. Fungua simu uangalie kimo cha kila ziwa uandike kwa mstari mmoja kutoka kusini kwenda kaskazini. Magadi iko kama mita 600. Naivasha karibu 1,890. Elementaita kama 1,780. Nakuru kama 1,760. Bogoria na Baringo zinakaa karibu na 1,000, na Turkana huko juu ya ramani ni kama 360 tu. Maana yake sakafu ya bonde imeinuka hapa kwetu, Naivasha na Nakuru, halafu inateremka pande zote mbili. Huu mwinuko ndio unatupatia hewa nzuri ya viazi na maua, na ukiteremka tu kidogo kila kitu kinabadilika.

Namna ya kuhakikisha: chukua matatu ya Nakuru kwenda Marigat. Kabla hata hujafika Mogotio mahindi yamekonda, mkonge unaanza, masikio yanaziba kidogo. Unavuka ikweta. Halafu joto linakupiga. Umeshuka zaidi ya mita 700 kwa safari fupi, bila kona kali yoyote. Kwa hivyo mtu akikuuzia shamba na kusema ni "Nakuru tu, mbele kidogo," usiulize ni kilomita ngapi, uliza ni mita ngapi juu ya bahari. Simu inakwambia. Kilomita 30 kuelekea Mau unapata viazi, kilomita 30 kuelekea Mogotio unapata mbuzi na mkonge.

Maziwa, na kwa nini yalipanda

Ukishajua swali la maji yanaenda wapi, maziwa yanajieleza yenyewe. Nakuru, Elementaita na Bogoria hayana pa kutokea, yana magadi, na ndio flamingo wanayapenda. Hayo matatu UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Naivasha pia haina mto unaotoka na bado maji yake ni baridi, tamu, ya kunyweshea, na watu wanashangaa. Ni kwa sababu Malewa na Gilgil zinaleta maji mengi kutoka Nyandarua, na chini ya ziwa maji yanapenya kwa miamba yakibeba chumvi nayo. Baringo ni vivyo hivyo, inavuja chini kwa chini.

Ziwa lisilo na mlango hupanda na kushuka na mvua, halina namna nyingine. Kuanzia karibu 2010 haya maziwa yalianza kupanda, lango kuu la zamani la mbuga ya Ziwa Nakuru likaingia majini, na 2020 ikawa mbaya: nyumba za mtaa wa Mwariki zikaingiliwa, Kihoto kule Naivasha watu wakahama, Baringo shule na hoteli zikazama. Maji ya Nakuru yalipoongezeka magadi yakazimuliwa, chakula cha flamingo kikapungua, wengi wakahamia Bogoria. Ukienda kando ya ziwa utaona migunga imekauka imesimama ndani ya maji, miti mizima mizima, gome limebanduka, ndege wamekaa juu. Hiyo miti ni kipimo. Mgunga hauoti ndani ya ziwa, kwa hivyo pale imesimama palikuwa nchi kavu, na ukiangalia mti wa mwisho uliokufa unajua maji yalifika wapi.

Na usikubali kuambiwa ziwa "litarudi mahali pake", juu mahali pake ni papana sana. Nenda Hyrax Hill, iko tu kando ya barabara ya kwenda Nairobi ukitoka mjini. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo 1937 na 1938 akapata makaburi na makao ya watu wa zamani. Hicho kilima ziwa liliwahi kukizunguka. Halafu nenda Kariandusi karibu na Gilgil, uone yale mashoka ya mawe, na pembeni machimbo ya diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi unaobaki na unga mkononi ukiugusa. Huo weupe ni mabaki ya viumbe wadogo sana wa majini. Yaani hapo juu, mbali na maji ya leo, palikuwa chini ya ziwa. Kuna wakati Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja kubwa. Mtu anayekuuzia ploti karibu na ziwa ati maji hayajawahi kufika hapo anaongea juu ya miaka yake, ardhi ina kumbukumbu ndefu kumliko.

Mvua

Mvua ya huku inafuata kuta. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inagonga Nyandarua, inaacha mvua upande wa mashariki, na inaposhuka kwa bonde imekauka. Ndio maana Naivasha inapata kama milimita 650 kwa mwaka na Nakuru mjini kama 950, na Gilgil katikati hapo ni leleshwa na nyasi. Upande ule mwingine hewa ya Ziwa Victoria inapanda Mau kila alasiri, Kericho inapata karibu mara mbili ya Nakuru, chai inakubali. Sisi huku tunapata mvua ya Machi hadi Mei, na ingine nzuri Julai na Agosti inayotoka upande wa magharibi, ndio wakulima wa Njoro na Molo wanaisubiri.

Kama huna kipima mvua, soma mimea. Leleshwa nyingi, ile yenye majani ya rangi ya kijivu inayonuka vizuri ukiisugua, inamaanisha mahali pakavu, mahindi utapanda lakini utalia miaka mingine. Mgunga wa manjano, ule wa gome la manjano linalong'aa, unasema maji yako karibu chini. Ukiona pareto na viazi, hapo ni mwinuko na baridi. Na ukiwa Molo ama Kinangop usinunue bondeni kabisa kwa shimo kama unataka viazi, kwa sababu usiku hewa baridi inateremka inatuama chini, asubuhi jalidi imechoma majani huku shamba la mteremkoni halijaguswa.

Udongo na nyufa, hapa soma polepole

Sehemu kubwa ya udongo wetu ni majivu ya volkano. Una rutuba sana, lakini hauna nguvu ya kushikana. Kuna jaribio rahisi: chukua konzi moja ya udongo kutoka kwa ploti, kutoka chini ya mita moja ukiweza, weka kwa glasi ya maji na uangalie. Kama vijiwe vinaelea juu, hiyo ni pamisi, jiwe lililojaa hewa, na maana yake uko juu ya majivu. Ukiona vipande vyeusi vinavyong'aa vyenye makali ya kukata, hiyo ni obsidiani, kioo cha volkano, wazee wa kale walitengenezea visu. Havina ubaya wenyewe, vinakwambia tu uko kwa nyumba ya nani.

Ubaya uko hapa. Chini ya hayo majivu kuna nyufa za mwamba, na huku kwetu nyingi zinaelekea kaskazini hadi kusini kufuata bonde. Mvua kubwa ikija maji yanatafuta ufa, yanakokota majivu nayo chini kwa chini, juu panabaki ganda tu, halafu siku moja ganda linaanguka. Mitaa ya Nakuru kama Kaptembwo, Rhonda na Shabab inajulikana kwa ardhi kudidimia. Machi 2018 ulifunguka ule ufa mkubwa karibu na Mai Mahiu ukakata barabara ya Narok, picha zikazunguka dunia nzima ati Afrika imegawanyika. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba ni mvua iliyofukua majivu yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Afrika inagawanyika kweli, lakini polepole. Mvua ndiyo ilifanya kazi ya wiki hiyo.

Kwa hivyo kabla ya kununua, nenda kwa ploti mvua ikinyesha. Si baada, ikiwa inanyesha, vaa gambuti. Angalia maji yanapokimbilia. Kama kuna mahali yanaingia ardhini na kupotea, hapo ni shida. Angalia nyumba za majirani, nyufa zinazopanda ngazi ngazi kwa mawe ya ukuta, ua ulioinama, mstari wa majani mabichi kuliko mengine unaopita shamba baada ya shamba upande ule ule. Fungua picha za setilaiti kwa simu na utafute mistari hiyo hiyo, ukiiona inanyooka kaskazini kusini na kupita kwa ploti yako, tafuta ploti ingine. Uliza mama anayeuza mboga hapo kona, si ajenti. Anajua barabara ilizama wapi na ni malori mangapi ya mawe yalimwagwa kuijaza.

Na ukiwa chini ya ukuta, inua macho uangalie juu. Solai, tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka usiku likaua zaidi ya watu 40. Mai Mahiu, 29 Aprili 2024, maji yaliyozibwa kwa tuta la reli ya zamani upande wa Old Kijabe yalifunguka usiku yakabeba nyumba na makumi ya watu. Wengi wao walikuwa wamelala. Swali ni lile lile, limegeuzwa tu: maji ya huko juu yakitoka yatapita wapi? Fuata korongo kavu mpaka juu na miguu yako, hata kama ni saa mbili za kutembea. Ukikuta mawe makubwa ya mviringo yametapakaa hapo unapotaka kujenga, ujue hayakubebwa na trakta.

Maji ya kunywa

Miamba ya volkano ina floraidi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno, na maji yakikaa chini yanaichukua. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru, Gilgil, Naivasha mpaka upande wa Elementaita vinapita hapo. Angalia meno ya waliozaliwa mtaa huo. Kama vijana wengi wana meno ya kahawia, kisima cha hapo kimeshajibu. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, juu maji yanapungua floraidi inabaki. Na meno yanaharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kwa hivyo wa kulindwa kwanza ni mtoto mdogo, meno ya mkubwa yameshapita hapo.

Fanya hivi. Kabla ya kuchimba lazima upate ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini na kibali cha WRA, mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, hiyo ni sheria, lakini omba pia matokeo ya maabara ya kisima kilicho karibu zaidi na wewe, mwenye nacho mara nyingi anayo kwa droo. Ukishachimba pima floraidi kabla hujanunua pampu kubwa. Ikipita, tumia hayo maji kwa kufua na bustani, na ya kunywa na kupikia chukua ya mvua: mabati safi, gata, tenki lenye kifuniko, na yale maji ya dakika za kwanza uyamwage. Watu wa Eburru, ambako mito hakuna, wameweka mabomba kwa matundu ya mvuke, mvuke unapoa unakuwa maji, matone yanajaza mtungi. Mvuke haubebi floraidi namna maji ya kisima yanavyobeba. Kwangu hiyo ni akili ya hali ya juu na inafaa kuigwa kila mahali mvuke unatoka.

Vuka Mau uone bonde la pili

Siku ukienda Kisumu kaa dirisha la kulia na usilale. Kutoka Nakuru unapita Salgaa unapanda mpaka Mau Summit, hapo barabara zinaachana, moja Eldoret, moja Kericho. Huko juu ndio mgawanyo wa maji ulipo na ni mahali pa ajabu. Mto Njoro unatoka Mau unaingia Ziwa Nakuru. Mto Molo unatoka Mau hiyo hiyo, si mbali, na unaenda zake kaskazini mpaka Baringo. Ewaso Ng'iro wa kusini unateremka hadi Natron, Tanzania. Na Nyando na Sondu zinaangukia magharibi, zinaingia Ziwa Victoria, zinatoka na Nile, zinapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri. Tone moja likianguka mita chache huku linakauka Nakuru, likianguka kule linafika Mediterania. Msitu wa Mau ukikatwa wanaolia si watu wa Narok pekee, ni maziwa manne na nchi kadhaa.

Ukiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi, angalia kulia: ule ukuta mrefu ni wa Nandi. Kushoto mbali kuna tambarare ya juu ya Nyabondo. Katikati ni Kano, chini kabisa, na mbele ni ghuba ya Winam, ziwa likiwa mita 1,134. Hili pia ni bonde la ufa, tawi la zamani lililoelekea magharibi, limezama kati ya kuta mbili vile vile, tofauti ni kwamba lenyewe lina mlango. Lakini ni mlango mpole, ardhi haina mteremko, kwa hivyo Nyando ikishuka na kasi ya milimani ikifika Ahero inachoka, inaacha matope, inatawanyika mashambani. Mchele unapenda hivyo. Nyumba haipendi.

Udongo wa Kano nao si majivu, ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia, na mvua ikija unavimba unainua msingi. Jaribio la glasi halitakusaidia hapo. Ukitaka kununua, chimba shimo la mita moja Februari uone nyufa zinafika wapi, kisha umwombe mzee wa kijiji akuonyeshe kwa mkono, kwa ukuta ama kwa mti, maji yalifika wapi 2020 na 2024, na msingi wako uanzie juu ya hapo.